Mali kauli iondolewe katika maonyesho ya mafundi na wenye maduka ya zawadi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie maonyesho ya biashara ya ukanda wetu wa Pwani, yale yanayotukutanisha sisi mafundi wa kazi za mikono na wanunuzi wa maduka ya zawadi. Hasa nawaomba waandaaji wake wakubali sharti moja: mwenye duka anayependezwa na kazi ya fundi aandike oda na kulipa nusu ya thamani yake palepale mezani, wala asiruhusiwe kuichukua kazi hiyo kwa mali kauli, yaani kwa ahadi tu ya kulipa baada ya kuiuza. Mimi ni mchonga nakshi hapa Langoni, Lamu, na kwa miaka sita sasa ndiye ninayeshika daftari la kikundi chetu chenye wachongaji, washonaji wa kofia na wasusi wa mikeka. Ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho, na hesabu zake nimeziandika kwa mkono wangu.

Mwaka huu tulikwenda Mombasa watu watatu kwa niaba ya kumi na saba. Msomaji aliye bara huenda asitambue uzito wa kutoka kisiwani na bidhaa za kuonyesha. Kofia hufungwa moja moja katika karatasi kisha zikatiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko, kwa sababu maji ya chumvi yakiruka ndani ya boti kati ya Lamu na Mokowe huacha doa ambalo halitoki kwa urahisi. Visanduku vya nakshi huviringishwa katika mablanketi, na mikeka hufungwa kwa kamba na kupandishwa juu ya basi, ambako hukaa kupitia Witu, Garsen na Malindi hadi mwisho wa safari, na mzigo wote huo hulipiwa mbali na nauli ya mtu. Kabla hatujatandika kitambaa juu ya meza yetu tulikuwa tumeshatumia fedha ambazo kwa baadhi yetu ni pato la mwezi, nazo hazikutoka serikalini wala kwa mfadhili, zilitoka katika mchango wa wale kumi na saba. Nalitaja hili mapema ili ieleweke kwamba fundi anapomkaribisha mnunuzi mezani, mtaji wake yeye umeshatangulia.

Sisi watu wa Pwani tumezoea maonyesho ya namna nyingine. Yapo ya kilimo yanayofanyika pale Mkomani, Mombasa. Yapo ya Jua Kali na Nguvu Kazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo yalianzia Arusha mwaka 1999 na huhamia nchi moja baada ya nyingine. Na hapa kwetu lipo tamasha la utamaduni ambalo huujaza mji wageni. Katika hayo yote mtu huja, akatazama, akalipa, akaondoka na alichonunua. Maonyesho ya wanunuzi wa maduka ni jambo jingine kabisa. Fundi haendi na shehena ya kuuza, huenda na sampuli, moja ya kila aina. Na aliyesimama mbele yake hanunui zawadi ya shangazi yake, anatafuta bidhaa za kujaza rafu za duka kwa msimu mzima. Mtu huyo huuliza mambo matatu: bei ya jumla ni ngapi, mnaweza kutengeneza ngapi, na zitafika lini. Akiridhika na majibu, oda yake moja inaweza kuzishughulisha nyumba nne au tano kwa miezi mitatu, jambo ambalo watalii mia wanaopita mbele ya duka langu hawawezi kulifanya.

Kwa hiyo nililalamika, na ninalalamika tena hapa, kwamba siku ya pili ya maonyesho milango ilifunguliwa kwa kila mtu. Siku ya kwanza tulizungumza na wanunuzi kwa utulivu, tukaandika majina, tukapimiana visanduku kwa futi. Siku ya pili ukumbi uligeuka gulio. Nilimwona mama mmoja mwenye duka huko Watamu, ambaye jana yake aliahidi kurudi kukamilisha mazungumzo, akisubiri na daftari lake mkononi nyuma ya vijana waliokuwa wakipatana bei ya kishika funguo kimoja, na baada ya kusubiri sana akaondoka. Sikumwona tena. Ambiente, maonyesho makubwa ya bidhaa za nyumbani na zawadi yanayofanyika Frankfurt, Ujerumani, huwafungulia wafanyabiashara peke yao, na hakuna anayeyaona kuwa na kiburi kwa sababu hiyo. Kama umma unapaswa kuingia, na sioni ubaya wowote wa hilo, basi upewe siku ya mwisho.

Sasa nije kwenye mali kauli, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Sipendi kuidharau desturi hii kwa jumla. Mali kauli ilikuwa na heshima yake katika biashara ya mwambao, ambako mtu alimkabidhi nahodha bidhaa kwa neno tu na kungoja pepo za msimu zimrudishe, kwa kuwa walijuana kwa ukoo, kwa mtaa na kwa msikiti, na mtu aliyevunja neno lake hakuwa na pa kujificha. Lakini duka la zawadi katika mji wa watalii, ambalo msimamizi wake hubadilika kila mwaka na mwenyewe yuko mbali, halifungwi na neno la namna hiyo. Linalobaki ni umbo la desturi bila kile kilichoishikilia.

Miaka miwili iliyopita, katika maonyesho kama haya, duka moja ambalo sitalitaja lilichukua kwetu visanduku arobaini vya nakshi na kofia kumi na mbili kwa mali kauli. Tulitiliana saini kwenye karatasi na tukafurahi. Mimi mwenyewe niliwapigia simu wenzangu kwa shangwe. Msimu wa watalii ukaja, Desemba hadi Machi, ukapita. Mwezi wa nne nilipopiga simu niliambiwa biashara ni mbaya na masika yameanza. Mwezi wa sita nikapanda basi kwenda kuona mwenyewe. Visanduku ishirini na vitatu vilikuwa vimeuzwa, ila fedha zake, nikaambiwa, zilikuwa zimeingia katika kodi ya nyumba, nami nikalipwa fedha za visanduku tisa tu na kuahidiwa nyingine baadaye. Vilivyosalia nilirudishiwa, baadhi vikiwa vimepasuka vifuniko kwa kukaa miezi mingi mbele ya mashine ya kupoza hewa. Kofia nne zilizorudi zilikuwa zimewekwa dirishani kama pambo, na vumbi na jua vilikuwa vimeuharibu weupe wake.

Msomaji ajue kofia ya vito ni nini. Ni vitambaa viwili vinavyolazwa pamoja, vikachorwa nakshi, kisha mshonaji akatoboa vitundu vidogo mno na kukizungushia kila kitundu uzi kwa sindano, kimoja baada ya kingine, safu baada ya safu, hadi kofia isimame yenyewe. Iliyo nzuri huchukua miezi, kwa sababu hushonwa katikati ya kazi nyingine za nyumbani na macho hayavumilii saa nyingi mfululizo. Moja kati ya zile nne ilikuwa ya bibi wa mtaa wetu ambaye ameshona tangu usichana wake. Nilimpelekea nyumbani kwake. Aliishika, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole juu ya vitundu, akaniuliza, "Mwanangu, hii ndiyo kofia yangu?" Nikamjibu ndiyo. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu.

Tangu siku ile nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na ninaliona hivi: katika mali kauli, fundi ndiye anayemkopesha mwenye duka. Fundi hununua ubao, hununua uzi, hulipa nauli, hutoa miezi ya kazi, kisha huiacha mali yake kwenye rafu ya mtu mwingine bila riba, bila dhamana na bila tarehe. Mwenye duka anayo leseni, anayo akaunti, pengine anaweza kwenda benki na kukopeshwa. Bibi mshona kofia hana lolote kati ya hayo, na bado yeye ndiye anayeubeba mzigo wa msimu ukiwa mbaya. Utaratibu unaomfanya aliye mnyonge zaidi kuwa mkopeshaji wa wenzake wote haufai kupewa meza katika maonyesho yanayosemwa kuwa ni ya kumwinua fundi.

Wenye maduka wana hoja yao nami nimeisikiliza. Wanasema hawawezi kulipia bidhaa wasiyojua kama itauzika, kwamba kodi za maduka ya mbele ya bahari ni kubwa, na kwamba mtalii wa leo hununua kidogo kuliko wa zamani. Hayo yanaweza kuwa kweli. Jawabu lake, hata hivyo, ni oda ndogo. Asiyekijua kisanduku changu na anunue sita badala ya kuchukua arobaini kwa kauli. Vikiuzika ataagiza kumi na vinane, na visipouzika hasara yake itakuwa ndogo na yangu haitakuwepo. Tena nimeona kwamba kilicholipiwa huuzwa kwa bidii: huwekwa mahali pa kuonekana, hufutwa vumbi, na muuzaji hujifunza kukieleza. Cha kauli hukaa popote.

Wala sharti ninaloliomba si geni duniani. Shirika la Biashara ya Haki Ulimwenguni, WFTO, katika kanuni zake kumi, linamtaka mnunuzi wa kazi za mikono atoe malipo ya awali yasiyo na riba, yasiyopungua asilimia 50 ya oda, pale fundi anapoyaomba. Sisi Waswahili tunalo neno letu la arbuni, na kila anayeagiza mlango au kitanda kwa seremala hapa Lamu hutoa arbuni kabla ubao haujapigwa randa. Sielewi kwa nini mtu atoe arbuni kwa mlango mmoja wa nyumba yake, na asitoe kwa bidhaa arobaini za kumletea faida.

Haki inanitaka niseme pia makosa yetu, kwa maana hatuwezi kudai arbuni na kubaki na mazoea ya zamani. Mwaka jana tulipokea oda yenye malipo ya awali tukachelewa kwa wiki tano, kwa sababu mafundi wawili walipata kazi ya milango ya nyumba ya kifahari huko Shela wakaviacha visanduku njiani. Mnunuzi alikasirika na alikuwa na haki. Kosa jingine ni la vipimo. Mchongaji wa Lamu hulelewa kuamini kwamba hakuna kazi mbili zinazofanana, na katika mlango hiyo ni fahari. Lakini mwenye duka aliyeagiza visanduku ishirini vya inchi nane, akipokea vya saba na nusu na vya nane na robo, hawezi kuvipanga wala kuvitia katika maboksi aliyoyanunua. Sasa tunatumia kigezo cha mbao nyembamba kwa kila umbo, na nakshi peke yake ndiyo tunayoiachia mkono wa fundi. Wazee kwanza walikunja uso. Baadaye walikubali, kwa sababu waliona kwamba kigezo kinagusa kipimo, hakigusi sanaa.

Kosa letu kubwa kuliko yote ni la bei. Fundi humuuzia mwenye duka kisanduku kwa bei ya jumla, halafu jioni, mtalii akipita barazani, humuuzia mtalii huyo kwa bei ileile au chini yake kwa kuwa anahitaji fedha ya kitoweo. Mwenye duka, ambaye kwa kawaida huongeza maradufu au zaidi ili alipe kodi, mishahara na umeme, humwona mteja wake akirudi na kisanduku hichohicho kwa nusu ya bei, na kutoka hapo hatamwamini tena fundi yeyote wa Lamu. Ni lazima tuwe na bei mbili na tuzishike: ya jumla kwa anayeagiza kwa wingi, na ya rejareja, sawa na ya dukani, kwa anayenunua kimoja. Nakiri kwamba ni rahisi kuliandika kuliko kulitenda kwa mtu ambaye jiko lake linamngoja, na ndiyo sababu nyingine ya kudai arbuni, maana aliyekwisha kupokea nusu ya fedha zake hana haja ya kuuza kwa hasara jioni.

Kuhusu tarehe, maonyesho yafanyike mara masika yanapomalizika, mwezi wa sita au wa saba. Oda itakayoandikwa wakati huo itakuwa tayari Novemba, kabla msimu haujafungua. Maonyesho ya Novemba, kama tulivyozoeshwa, humkuta mnunuzi anataka bidhaa wiki ijayo, na asiyekuwa na akiba ya kazi zilizokamilika hupitwa. Kofia ya miezi mitatu haiwezi kuagizwa Novemba ikauzwa Desemba. Waandaaji waitazame vilevile kalenda ya Hijria, kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka, na mshonaji aliyefunga mchana kutwa hashoni kama kawaida yake.

Lipo pia suala la picha. Katika maonyesho haya watu kadhaa walipiga picha za sampuli zetu bila kuuliza na bila kuacha hata jina. Mji wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na tangu hapo jina lake limekuwa na thamani sokoni. Tunaziona kofia zilizoshonwa kwa mashine, zikaletwa kwa mafurushi, zikauzwa kwa jina la Lamu. Mjuzi huzitambua kwa kidole, kwa kuwa kitundu cha mashine hakina ukingo ulioinuka, lakini mtalii hajui. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 40, inaitaka serikali ilinde haki za ubunifu za Wakenya, na ipo Sheria ya mwaka 2016 inayohusu maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni. Maafisa wa taasisi ya KIPI, inayosajili alama za biashara, wangealikwa na kupewa meza moja tu katika ukumbi ule, vikundi vyetu vingeelezwa palepale namna ya kusajili alama ya pamoja. Na kwa sasa, kanuni ya kwamba picha haipigwi ila kwa idhini ya fundi haihitaji bunge.

Mwisho ni wale ambao hawakufika. Wasusi wa mikeka wa Faza na Kizingitini na washona viatu vya ngozi wa Siyu, wote wa kisiwa cha Pate, ambao kazi yao ina sifa ya karne nyingi, hawakuwa na meza hata moja, kwa kuwa kwao safari ya kuja Lamu ni mwanzo tu wa safari. Tulichukua jozi tatu za viatu vya Siyu kwa niaba ya fundi mmoja, na mnunuzi wa duka la hoteli aliuliza bei ya jumla ya jozi thelathini. Hatukuwa na jibu, na fundi hakuwepo wa kulitoa. Waandaaji wangefanya mchujo wa sampuli hapa Lamu, siku moja pale uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, wiki chache kabla ya maonyesho, wakaandika bei, idadi na muda wa kila fundi, basi hata asiyeweza kusafiri angewakilishwa na karatasi inayojibu maswali yale matatu.

Kikundi chetu kimekwisha kuchapisha kitabu cha oda chenye nakala tatu: ya mnunuzi, ya fundi na ya waandaaji. Mstari wa kwanza, juu ya idadi na juu ya bei, ni wa arbuni iliyopokelewa na tarehe yake. Nimewapelekea waandaaji nakala tupu moja pamoja na barua, nikawaomba kila meza ya maonyesho yajayo ipewe kitabu cha namna hiyo, na ninangoja majibu yao.

Wako,
Mchonga nakshi na katibu wa kikundi cha mafundi,
Langoni, Lamu.